Neno Moja Mezani: Sauti katika Blackmail ya Hitchcock

Familia ya White imekaa kunywa chai ya asubuhi nyuma ya duka lao la sigara na magazeti huko Chelsea, London. Usiku uliopita binti yao, Alice, amemuua mchoraji aliyejaribu kumbaka. Wazazi hawajui. Jirani mmoja mmbea amesimama mlangoni akipiga domo kuhusu mauaji yaliyojaa midomoni mwa mtaa mzima. Kumponda mtu kichwani kwa tofali, anasema, hilo angalau lina Uingereza ndani yake. Lakini kisu, hapana, kisu si kitu cha kumfanyia mtu. Kamera inamwacha jirani na kutua usoni mwa Alice. Maneno ya jirani yanaanza kuyeyuka, yanakuwa mvumo usioshikika, na ndani ya mvumo huo linabaki neno moja tu lenye makali: kisu. Kisu tena. Kisu. Baba anamwomba akate mkate. Alice anapeleka mkono, neno linapigwa kama ukelele, na kisu cha mkate kinamruka mkononi.

Onyesho hilo la Blackmail, filamu ya taharuki iliyoongozwa na Alfred Hitchcock mwaka 1929, hutolewa mfano karibu kila inaposimuliwa historia ya sauti katika sinema. Kwa kawaida linasifiwa kama ushahidi kwamba kijana wa miaka 29 aliipokea sauti kwa mikono miwili. Sidhani kama ndivyo linavyotuonyesha. Litazame tena ukiwa umeelekeza macho kwenye midomo. Anayesema haonekani, na anayeonekana hasemi. Onyesho maarufu kuliko yote katika filamu ya kwanza ya Hitchcock yenye mazungumzo limesimama juu ya uso wa mwigizaji aliye kimya, na kazi kubwa ya sauti humo ni kufifia. Hitchcock hakuongeza kitu. Alipunguza mpaka likabaki neno moja. Na ukiifuata filamu nzima kwa kipimo hicho utaona jambo linalojirudia: inapaa kila inapolinyima sikio kitu, na inaketi chini kila inapowaacha watu wazungumze kama walivyokuwa wakizungumza jukwaani.

Jukwaa ndiko ilikotoka. Charles Bennett aliiandika Blackmail kama tamthilia, ikaonyeshwa London mwaka 1928 kwenye ukumbi wa Globe, Tallulah Bankhead akiwa mhusika mkuu. Kampuni ya British International Pictures, iliyokuwa na studio zake Elstree kaskazini mwa London, ikainunua ili iwe filamu bubu. Bennett baadaye alikuwa mwandishi muhimu sana kwa Hitchcock katika miaka ya 1930, lakini hapa mchango wake mkubwa ni mtego wenyewe: mwanamke ameua akijitetea, mchumba wake ni askari kanzu aliyepewa kesi hiyohiyo, na mtu wa tatu anajua ukweli na anataka fedha ili afunge mdomo. Mtego huo unafaa jukwaa kwa sababu watu watatu wanaweza kuingizwa ndani ya chumba kimoja na kubanwa. Kwa mtu wa sinema, chumba hicho ndicho tatizo.

Kazi ilianza kama filamu bubu, na katikati ya safari upepo ukageuka. The Jazz Singer, filamu ya Kimarekani yenye sauti, ilikuwa imeonyeshwa Marekani Oktoba 1927 na kufika London mwaka uliofuata, na John Maxwell, mkuu wa British International Pictures, hakutaka kuachwa gatini. Kwanza Hitchcock aliruhusiwa kuongeza sauti sehemu ya mwisho tu, kama zilivyofanya filamu nyingi za kipindi kile cha mpito. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa ameshahisi mawazo ya wakubwa yatabadilika, kwa hiyo alipiga picha zake akijua nyingine zitarudiwa na nyingine zitavishwa sauti. Matokeo ni filamu mbili: ya sauti, iliyoonyeshwa kwa wafanyabiashara wa sinema Juni 1929, na bubu, iliyohitajika kwa sababu kumbi nyingi za Uingereza zilikuwa bado hazijafungwa spika wala mashine za kusoma sauti. Kama ndiyo filamu ya kwanza ya Uingereza yenye sauti au la ni ubishi usio na faida. Kitty na The Clue of the New Pin za mwaka huohuo nazo zina madai yao, na jibu linategemea unahesabu dakika ngapi za mazungumzo.

Chenye faida ni kujua mashine, maana mashine ndizo zilizoamua ni sehemu gani za filamu hii zingekakamaa. Kamera ya wakati huo ilinguruma. Katika sinema bubu haikujali. Mwongozaji aliweza hata kuwapigia waigizaji kelele wakati wanaigiza. Maikrofoni ilipoingia, kamera ilifungiwa pamoja na mpigapicha wake ndani ya kibanda chenye kuta nene na dirisha la kioo, chumba cha joto kali ambacho hakikuweza kufuata mtu akitembea. Taa za arki, zilizokuwa jua la studio, zilitoa mlio uliopenya kwenye rekodi. Zikabadilishwa kwa taa kubwa za balbu, ambazo mwanga wake unaelemea wekundu, na kwa hiyo zikahitaji ukanda wa filamu unaouona wekundu. Maikrofoni nayo haikuchagua. Ilimeza kila kitu kilichokuwa karibu na kupoteza kila kilichokuwa mbali, hivyo waigizaji walilazimika kukusanyika ilipofichwa. Ndiyo maana katika filamu nyingi za 1929 watu wanasimama kama wanaopigwa picha ya harusi, wanatamka sentensi moja, wanasubiri, kisha mwingine anatamka yake. Blackmail ina dakika za namna hiyo. Ziko kwenye mazungumzo marefu ya dukani, Tracy, yule mtu wa kudai fedha, anapomkalia kooni askari kanzu Frank mbele ya Alice. Donald Calthrop anayemwigiza Tracy ni hodari, anajipaka utamu wa mnafiki anayejua kwamba kifungua kinywa kitalipiwa na mtu mwingine, lakini hata yeye hawezi kuzificha zile pumzi ndefu kati ya sentensi na sentensi. Hapo tamthilia ya Bennett inarudi ilivyokuwa, na kamera inakuwa mtazamaji wa mstari wa mbele aliyefungwa kwenye kiti.

Shida iliyowakera zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya kibinadamu. Alice aliigizwa na Anny Ondra, nyota wa sinema za Kicheki na Kijerumani, mwenye uso unaoweza kupita kutoka uchokozi hadi hofu bila kupita njiani. Katika sinema bubu lafudhi haikuwa kitu. Mara baada ya uamuzi wa sauti, binti wa muuza sigara wa Chelsea alikuwa anazungumza Kiingereza cha mtu wa Prague, na hii katika filamu ambayo bango lake liliwaita Waingereza waje wasikie lugha yao ya mama ikisemwa inavyopaswa kusemwa. Siku hizi tungesema mwingizie sauti baadaye. Mwaka 1929 kurekodi upya juu ya picha iliyokwisha kupigwa hakukuwa kazi ya kuitegemea, na sauti ilibidi inaswe palepale wakati picha inapigwa. Suluhisho lilikuwa hili: mwigizaji Mwingereza, Joan Barry, alisimama nje kidogo ya fremu akiwa na maikrofoni, akasema maneno ya Alice, na Ondra mbele ya kamera akachezesha midomo kwa wakati uleule.

Wapenzi wa filamu waliokulia kwenye mabanda ya video ya Afrika Mashariki wanaweza kudhani wanaijua kazi hii, kwa sababu wamesikia mfasiri mmoja akiwasemea wahusika wote wa filamu ya Kichina au ya Kihindi. Lakini uhusiano umegeuzwa. Mfasiri wa bandani ana picha iliyokwisha kamilika. Akichelewa atafidia, akitaka atatia chumvi. Huku Elstree picha yenyewe ndiyo iliyokuwa ikizaliwa, na watu wawili walilazimika kuwa mtu mmoja kwa kila silabi. Ukitazama kwa makini utaona gharama yake. Ondra anainamisha kichwa mwanzoni mwa sentensi kana kwamba anasubiri kengele. Sentensi zake ndefu zimekuwa chache, na mara kwa mara Alice anasema akiwa ameugeuza uso. Umbali nao unagoma: Barry akiwa amesimama pale pale kwenye maikrofoni, sauti yake haiwezi kurudi nyuma Ondra anaporudi nyuma. Na kuna hasara ambayo wachambuzi wengi huipita haraka mno, kwamba Barry alimpa Alice Kiingereza cha chumba cha wageni cha watu wenye nafasi zao. Wazazi wake wanasema kama wauza duka, yeye anasema kama aliyesomeshwa kwa gharama. Mama yake, Sara Allgood, mwigizaji mkubwa wa Ireland, ana sauti iliyokaa mahali pake hasa, na kila wanapozungumza wawili hao, pengo linasikika. Msichana ambaye kosa lake la kwanza lilikuwa kuvutiwa na dunia ya juu kidogo ya yake amepewa sauti ya mtu aliyekwisha kufika huko. Hiyo ni hasara halisi ya hadithi, na ujanja wa kiufundi hauisamehe.

Lakini shida hiyohiyo, naamini, ndiyo iliyomsukuma Hitchcock kwenye mambo mazuri. Akiwa na mhusika mkuu ambaye kila sentensi yake ni hatari, mwongozaji anajifunza kutafuta njia za kumfanya asiseme. Angalia asubuhi ile kabla ya chai. Mama anaingia chumbani kumwamsha na kulifunua tundu la chiriku. Ndege anaanza kuimba kwa nguvu isiyo ya kawaida, na anaendelea kuimba wakati Alice anavua nguo za jana na kuvaa nyingine, amekufa ganzi. Hakuna muziki wa huzuni na hakuna neno. Kuna kelele ya furaha isiyomhusu inayomchoma masikio. Baadaye anaingia kwenye kibanda cha simu kilichomo dukani, anafunga mlango, na umbeya wa jirani unakatika kama uliokatwa kwa mkasi. Anafungua, umbeya unarudi. Kengele ya mlango wa duka inavuma kupita kiasi cha kengele, na kila ikilia tunajua Alice anadhani ni polisi. Tumewekwa ndani ya sikio lake. Kwa mwaka 1929, wakati wenzake wengi walikuwa bado wanashangilia kwamba mlango ukifungwa unasikika, hatua hiyo ni kubwa mno.

Kuna pia ule ukelele. Baada ya mauaji Alice anazunguka London usiku kucha, miguu inamtembeza tu. Mkono wa askari wa barabarani ulioinuliwa unakuwa mkono wa maiti. Tangazo la taa linaloonyesha chombo cha kutikisia kileo linageuka kisu kinachochoma juu chini. Matembezi haya yote ni sinema bubu iliyowekewa muziki, na kamera iko huru kama ilivyokuwa kabla ya kufungiwa kibandani. Kisha anaona mkono wa maskini aliyelala barabarani, umening'inia kama ulivyoning'inia wa mchoraji nje ya pazia. Mdomo wa Alice unafunguka, ukelele unapasuka, na papo hapo tuko chumbani kwa mchoraji ambako mwenye nyumba amekuta maiti na ndiye anayepiga ukelele. Sauti moja imewashona wanawake wawili na nyakati mbili tofauti za asubuhi. Hila hiyo haikuweza kufanyika katika sinema bubu, na jukwaani pia haikuweza. Ni mahali pamoja ambapo sauti yenyewe imefanya kazi ya uhariri.

Mauaji yenyewe yamefichwa. Crewe, mchoraji anayeigizwa na Cyril Ritchard, anamwimbia Alice kwa kinanda, anamvuta nyuma ya pazia la kitanda, na tunaona kitambaa kikitikisika. Mkono wa Alice unatoka, unapapasa, unakutana na kisu kilichokuwa kando ya mkate. Pazia linaendelea kutikisika, halafu linatulia, halafu mkono wa mwanamume unaanguka nje. Ritchard alikuwa mwimbaji kweli, kwa hiyo wimbo ulinaswa bila udanganyifu wowote, na wepesi wa wimbo ule unalifanya tukio liwe baya zaidi. Kabla ya hapo, wakati wanapanda ngazi za nyumba, jengo la ngazi lilijengwa likiwa wazi ubavuni na kamera ikapandishwa nao kwa lifti, ghorofa baada ya ghorofa. Hakuna kibanda cha sauti kingeweza kufanya hivyo. Na kuna kivuli cha chuma cha taa kinachomchora Crewe masharubu ya mwovu wa michezo ya zamani. Hitchcock alikieleza kama kwaheri yake kwa sinema bubu.

Mkimbizano wa mwisho umepelekwa British Museum, jumba la makumbusho la London, na hapa tuzungumze ufundi kidogo, kwa sababu watu wengi huutazama wakiamini waigizaji walikuwa jumbani mle. Mwanga wa kumbi zile haukutosha kwa filamu ya wakati huo. Kilichofanywa ni mbinu ya Mjerumani Eugen Schüfftan, ambayo mwongozaji Fritz Lang alikuwa ameitumia katika filamu yake ya Metropolis, na ambayo mtu aliyewahi kufanya kazi studio za Ujerumani kama Hitchcock alikuwa na nafasi ya kuijua. Kwanza zilipigwa picha za kawaida za kumbi za jumba hilo, tisa kwa hesabu ya Hitchcock, kila moja kwa kuacha lenzi wazi nusu saa. Nusu saa inatosha kukusanya mwanga, na mgeni anayepita tu haachi alama. Picha hizo zikafanywa kuwa vioo vinavyopitisha mwanga na kumulikwa kutoka nyuma, ili ziwe na mng'ao ambao karatasi haina. Mbele ya kamera ukawekwa kioo cha kujitazamia kwa nyuzi 45, kikiakisi picha iliyo pembeni. Mwisho, sehemu ndogo ya rangi ya fedha nyuma ya kioo ikakwanguliwa mahali ambapo mwigizaji anatakiwa kuonekana, na kupitia uwazi huo kamera ikamwona mtu halisi akiwa mbali, amesimama kwenye kipande kidogo cha mlango au ukuta kilichojengwa studio.

Ugumu wake ni mwingi. Mstari uliokwanguliwa lazima ufuate ukingo wa kitu kilichomo pichani, la sivyo mshono unaonekana. Mwanga wa picha na wa studio ukitofautiana, mtu anaelea kama aliyebandikwa. Kamera ikitikisika kidogo tu, sehemu mbili zinaachana. Na mwigizaji akivuka mpaka wa uwazi, mkono wake unakatika hewani. Kwa hiyo mkimbizano umevunjwa vipande vifupi vilivyotulia: watu wadogo wanapita chini ya ukubwa wa kale, na Tracy anateremka kwa kamba kando ya uso mkubwa wa jiwe wa Misri usiojali kama ataishi au atakufa. Hitchcock alisema walifanya kazi hii bila kuwajulisha wakubwa wa kampuni, waliokuwa wanaiogopa mbinu wasiyoifahamu. Michael Powell, aliyekuwa mpigapicha za mnato wa filamu hiyo, alidai baadaye kwamba wazo la kwenda jumbani lilikuwa lake. Wazo la nani si hoja. Mwisho huo hauhitaji mazungumzo, na Tracy anapoanguka kupitia kioo cha paa la Chumba cha Kusomea cha jumba hilo alikuwa bado anajaribu kusema jambo.

Hapo ndipo filamu inapokuwa nzito kuliko sifa zake za kiufundi. Tracy ni mtu mbaya, lakini si muuaji. Amekufa kwa kosa la Alice, na aliyemsukumia huko ni Frank, askari aliyeokota glovu ya mchumba wake chumbani kwa marehemu na kuitia mfukoni. Glovu ya pili ndiyo aliyoshika Tracy. Sheria imeficha ushahidi, imemwandama mtu asiye na kosa hilo, na sasa inafunga faili. Hitchcock alitaka mwisho mwingine: Alice akamatwe, na Frank arudie kwake hatua kwa hatua yale tuliyoona akimfanyia mhalifu mwanzoni, picha, alama za vidole, mlango wa chuma, halafu mwenzake amuulize kama usiku huo anatoka na msichana wake, naye ajibu kwamba usiku huo hapana. Kampuni iliona ni huzuni kupita kiasi. Wengi husikitika kwa kubadilishwa huko. Mimi nadhani mwisho tulionao ni mkali zaidi. Ule wa kwanza ungemwadhibu mwanamke aliyejitetea na kumwacha askari na majonzi ya heshima. Huu unamwacha huru pamoja na mtu anayemlinda kwa uongo, na ulinzi wenyewe ndio kifungo.

Anayetaka kuyapima haya atazame matoleo yote mawili, la sauti kwanza. Toleo bubu lilirekebishwa na British Film Institute na kuonyeshwa mwaka 2012 kwa muziki wa Neil Brand, na ni filamu laini zaidi. Hadithi inatiririka, Ondra anapumua. Angalia fremu pia: ukanda wa sauti unakula nafasi ya kushoto ya filamu, kwa hiyo toleo la sauti lina picha nyembamba, karibu mraba, wakati bubu ina upana wake wote. Ukiona nakala ya sauti iliyotanuliwa ijaze skrini, achana nayo, vichwa vimekatwa. Kisha rudi kwenye ile meza ya chai katika toleo bubu, utazame jirani anachezesha mdomo na Alice amekaa kimya, na hakuna kisu chochote masikioni.

Kisha nenda kwenye picha ya mwisho. Alice amefika Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, kukiri, simu imelia kabla hajasema, na sasa amesimama mlangoni na Frank na askari mzee wa zamu. Mzee anatania kama bibie amekwisha kuwaambia nani aliyeua. Wanaume wawili wanacheka. Alice anajaribu kucheka nao, na hapo anapita askari amebeba ushahidi kutoka chumbani kwa mchoraji: picha ya chale, kidole kimenyoshwa, kinywa wazi. Picha haina sauti. Kicheko cha wanaume kinaendelea kusikika, na chale anabebwa ukumbini, anaondoka, bado anamnyoshea kidole.